Vijana wa Kichina wanaohamia Marekani wakiwa na miaka 15, 16: darasani wanang'ara, nyumbani ni habari nyingine

Mtanga wa Brooklyn (mtoa mada)

Wakuu, habari za humu. Juzi kwenye ule uzi wa shule za ughaibuni kuna mdau aliandika kwamba watoto wa Kichina "hawana shida, wakishuka kwenye ndege ni kitabu tu". Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu litakuwa refu kuliko uzi wenyewe. Nimelileta huku.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu kwenye sekondari moja ya serikali hapa Brooklyn, New York. Jina la shule halina kazi. Wanafunzi wangu wengi wanaishi Sunset Park, ile Barabara ya 8 ambayo unaweza kuitembea mtaa kwa mtaa, ukanunua samaki, ukanyoa, ukatuma hela, bila kusema hata neno moja la Kiingereza. Wengi wametoka mkoa wa Fujian, pwani ya kusini mashariki ya China, hasa Fuzhou na maeneo ya jirani kama Changle na Lianjiang. Msiwachanganye na Wachina wa zamani wa Chinatown ya Manhattan, ambao wengi asili yao ni Guangdong na lugha yao ni Kikantoni. Hawa wa Fujian walianza kumiminika New York miaka ya 1980 na 1990, wengi kwa njia za panya. Waliokuwepo wanaikumbuka meli ya Golden Venture iliyokwama pwani ya Queens Juni 1993 ikiwa na watu 286. Kumi walikufa wakijaribu kufika ufukweni. Safari ya namna ile ilikuwa inagharimu dola 30,000 na zaidi, na karibu zote ni za kukopa.

Sasa hesabu yenyewe inakwenda hivi. Baba anatangulia, mtoto ana miaka miwili. Baba anapiga boksi jikoni, analipa deni, anahangaikia makaratasi. Akishayapata anamwombea mke na watoto, na foleni ya uhamiaji haina haraka. Ila kuna tarehe moja inayomkimbiza: mtoto akifikisha miaka 21 anatoka kwenye kundi la "mtoto" kisheria na kuhamia foleni nyingine ndefu zaidi. Ndiyo maana unawaona wanatua wakiwa na miaka 15, 16, 17. Hakuna mzazi aliyekaa akachagua umri huo kwa kuwa ni mzuri wa kuhama. Kwa shule ni umri mbaya kuliko yote: una miaka michache ya kumaliza sekondari kwa lugha ambayo hujaanza kuiongea.

Naendelea, ngoja nimalize zamu.

Kinyamkera

Naweka kambi hapa. Mtoa mada usitukimbie.

Mchagga Halisi

Mkuu nakuheshimu ila hapa unatupiga kamba. Shule zile za vipaji hapo hapo New York, Stuyvesant na wenzake, nani kajaa? Kesi ya chuo kikuu cha Harvard iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023, nani walikuwa wanalalamika kwamba wanapunjwa nafasi? Hao hao. Watoto wetu ndio wa kuwaonea huruma.

Mtanga wa Brooklyn

Mchagga, nimerudi. Ulichosema ni kweli, ila umewaweka watu wawili kwenye shati moja. Stuyvesant wanafunzi wa asili ya Asia ni zaidi ya nusu, sikatai. Lakini mtihani wa kuingia pale unafanywa na watoto wa darasa la nane, wachache la tisa, na ni wa Kiingereza. Wengi wanaofaulu wamezaliwa hapa au wamekuja wadogo. Kijana aliyetua uwanja wa ndege wa JFK mwezi wa pili akiwa na miaka 16 ule mtihani ulishampita. Anapelekwa shule yoyote yenye nafasi.

Tena humo ndani ya neno "Mchina" yumo mtoto wa mhandisi aliyekuja kwa viza ya kazi, anaishi nyumba yenye bustani New Jersey, na yumo mtoto wa mpishi anayelala na wazazi na mdogo wake kwenye chumba kimoja cha nyumba waliyogawana familia tatu. Takwimu inawajumlisha, wastani unatoka mzuri, wa pili anapotelea humo.

Nianze na shule. Kuna kitu hawaambiwi kabla ya kupanda ndege: huku hakuna darasa. Mliosoma Bongo mtanielewa upesi. Ukiwa Form Two B, ni Two B mwaka mzima, chumba chenu, dawati lako, mwalimu ndiye anayeingia na kutoka. China ni vilevile. Wanafunzi 40 au 50 wanakaa pamoja miaka mitatu, wana mwalimu wao wa darasa anayejua nani kaumwa na nani kagombana na nani, wanafagia pamoja, wanafanya mazoezi uwanjani pamoja. Huku kengele ikilia kila mtu anashika njia yake. Hesabu unasoma na hawa, historia na wale, sayansi na wengine kabisa. Mtoto anaweza kumaliza muhula hakuna mtu anayejua kwamba jana hakuja.

Halafu kuna alama za kushiriki darasani. Kwao mwanafunzi mzuri anasikiliza, akiulizwa anasimama na kujibu sawasawa. Huku mwalimu anataka unyooshe mkono hata kama jibu huna, ubishane, useme "mimi naona". Nimeona kijana anapata 98 kwenye mtihani wa hesabu na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hajitumi.

Nikupe mmoja. Kila saa ya chakula alikuwa kwenye chumba cha mwalimu wa hesabu, anafanya maswali ya kitabu cha mwaka unaofuata. Mwalimu anamsifia mpaka kwenye kikao: bidii, nidhamu, mfano wa kuigwa. Siku moja nilikaa naye, tukawa tunaandikiana kwa programu ya tafsiri kwenye simu yake. Nikamuuliza kama anapenda sana hesabu. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Ilitoka: "Hesabu nilizimaliza China. Bwaloni sina pa kukaa."

Mchagga Halisi

Duh. Hapo nimekusoma.

Binti Likoni

Salamu kutoka Toronto. Huku kwetu Scarborough na Markham Wachina wamejaa lakini hadithi ni tofauti kidogo na hiyo ya Brooklyn. Wengi wa kwanza walitoka Hong Kong kabla ya 1997, watu wenye pesa zao wakiogopa mji wao kurudishwa kwa China mwaka huo. Vancouver ndio zaidi. Baba anaacha mke na watoto Canada, yeye anarudi Hong Kong kufanya biashara, anakuja mara mbili tatu kwa mwaka. Wenyewe waliwapa jina, familia za wanaanga, kwa sababu baba muda wote yuko hewani. Nyumba kubwa, gari zuri, na kijana wa miaka 16 ndiye mwanamume wa nyumba. Nimefanya usafi kwenye nyumba kama hizo. Friji imejaa na hakuna anayekula mezani.

Wa Magharibi (LA)

Binti Likoni umenikumbusha wa huku kwetu. California kusini, Arcadia, Rowland Heights, wapo wanaotumwa peke yao kabisa, wazazi wamebaki China. Wanalipia chumba kwa familia wasiyoijua. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kukaa sekondari ya serikali zaidi ya mwaka mmoja, na huo mmoja anaulipia gharama zote, kwa hiyo wengi wanaishia shule binafsi za Kikristo hata kama kwao hawajawahi kuingia kanisani. Wengi wanasoma wanamaliza salama. Lakini mwaka 2015 hapo Rowland Heights kundi la wanafunzi hao lilimteka mwenzao, msichana wa Kichina wa miaka 18, wakamtesa kwa masaa. Watatu walifungwa mwaka uliofuata: miaka 13, 10 na 6. Mahakamani hoja iliyorudiwa ni kwamba watoto walikuwa wanaishi bila mtu mzima wa kuwatazama.

Mtanga wa Brooklyn

Wa Magharibi, asante. Wenu wana pesa hawana wazazi. Wangu wana wazazi kwenye karatasi.

Mnisikilize hapa kidogo kwa sababu ndipo penyewe.

Chini ya daraja la Manhattan, mtaa wa East Broadway, kuna ofisi ndogondogo za kutafutia watu kazi za migahawa. Unaingia, ukutani kuna vikaratasi vimebandikwa: mpishi, mshahara kiasi fulani, na badala ya jina la mji kuna tarakimu tatu za mwanzo za namba ya simu za eneo hilo. Baba hajui jimbo linaitwaje. Anajua ni 614 (ndiyo Ohio hiyo) na basi linachukua saa kumi na kitu. Anakwenda, analala kwenye nyumba ya tajiri wake pamoja na wapishi wengine, anarudi Brooklyn mara moja kwa mwezi, akikosa, miezi miwili. Mama yuko kiwanda cha nguo, au saluni ya kucha, au anahudumia wazee majumbani usiku.

Kwa hiyo huyu kijana amelelewa na bibi kijijini kwa miaka 13. Baba anamjua kwa video ya WeChat na kwa hela ya ada. Anatua JFK, anakumbatiwa na mtu mwenye sura ya kwenye simu. Wiki ya pili huyo mtu anaanza kumwamrisha: rudi saa fulani, acha simu, mbona una 88, mtoto wa fulani ana 95. Kijana mmoja aliniambia alimjibu baba yake, "Wewe hukunilea." Baba hakumpiga. Alichukua begi akarudi Ohio siku mbili kabla ya muda wake.

Na kijana huyohuyo alikuwa na wastani wa zaidi ya 90 muhula ule. Ukitazama karatasi hakuna tatizo.

Utafiti upo. Harvard walianza mwaka 1997 kuwafuata kwa miaka mitano watoto wahamiaji kama 400 wa Boston na San Francisco, kutoka China, Haiti, Jamhuri ya Dominika, Meksiko na Amerika ya Kati. Wachina ndio walioongoza kwa alama. Mmoja wa watafiti, Desirée Baolian Qin, akaingia kwa undani kwenye hao Wachina, akakuta kufanya vizuri na kuwa vizuri ni mambo mawili: alama juu, huzuni na wasiwasi juu, na ugomvi na wazazi umekolea. Wazazi wanaona wametoa kila kitu, mtoto anaona hajui anaishi na nani. Wote wawili wana haki.

Msimbazi Center

Mkuu hii ya kulelewa na bibi naiona huku Kariakoo kwa upande wa pili. Jirani yangu wa duka, Mchina wa mabegi, yeye na mkewe wako Dar miaka mingi. Mtoto yuko kwao na bibi. Kila mchana simu imeegeshwa kwenye boksi, wanaongea na mtoto huku wanauza. Kiswahili cha bei anacho chote, na mtoto simu ikikatika harudii kupiga.

Mtanga wa Brooklyn

Ndiyo, mkuu. Na hata ndani ya China yenyewe ni hivyo, wazazi wanaenda kufanya kazi mijini, watoto wanabaki vijijini. Mwaka 2013 Shirikisho la Wanawake la China lilikadiria watoto wa aina hiyo kuwa milioni 61. Kwa hiyo hawa wa Fujian wala hawaoni kama wamefanya jambo la ajabu. Kuna hata wanaozaliwa hapa New York, wanapelekwa kwa bibi wakiwa na miezi kadhaa ili mama arudi kazini, halafu wanarudishwa wakifika umri wa shule.

Sisi waswahili tusijifanye wageni na hili, mtoto kulelewa na bibi Handeni huku mama yuko Muscat tunalijua wote.

Baba Neema (Philly)

Mtoa mada umegusa nyumbani, mimi nirudi shuleni kwa sababu mambo hayaishii kwenye upweke. Wazee wa Philadelphia tunaikumbuka South Philadelphia High School, tarehe 3 Desemba 2009. Wanafunzi wa Kiasia kama 30 walipigwa siku moja, darasani, ngazini, bwaloni, na nje wakati wa kwenda nyumbani. Kadhaa walipelekwa hospitali. Wengi walikuwa wahamiaji wapya, Wachina na Wavietnamu. Na haikuwa mara ya kwanza, malalamiko yalikuwa yamepelekwa muda mrefu.

Walichofanya wale watoto ndicho kilichonishangaza. Karibu 50 waligoma kwenda shule kwa siku nane. Aliyeongoza mbele alikuwa Wei Chen, mwanafunzi aliyekuja kutoka China miaka miwili tu kabla. Kiingereza cha kubabaisha, lakini alisimama mbele ya bodi ya shule akazungumza. Wizara ya Sheria ya Marekani ikaingilia, na Desemba 2010 uongozi wa shule za jiji ukasaini makubaliano ya kurekebisha.

Nimelisema hili kwa sababu nyingine pia. Wengi wa waliowapiga walikuwa wanafunzi weusi. Mimi nina binti mweusi shuleni humu jijini, nilijua nyumbani patakuwa na maneno. Lakini wale wagomaji kila walipowekewa kipaza sauti walikataa kuifanya vita ya weusi na Wachina. Walisema watu wazima waliokuwa na kazi ya kuwalinda hawakuifanya. Mtoto wa miaka 18 anaongea hivyo mbele ya kamera, na sisi watu wazima tulikuwa tunataja rangi kwenye kijiwe.

Kinyamkera

Huyo kijana apewe maua yake.

Mtanga wa Brooklyn

Baba Neema, umenitangulia, nilikuwa naelekea huko. Na 2020 ilivyoingia korona hofu ya kupigwa ikarudi kwa sura nyingine. Shule za New York zilipofunguliwa, familia za Kiasia ndizo zilizochelewa zaidi kurudisha watoto madarasani. Watu walidhani ni ugonjwa peke yake. Wazazi niliokuwa nawapigia simu walikuwa wanauliza kuhusu treni: mtoto atapita stesheni gani, atasimama wapi, nani atakuwa naye. Mwaka mzima kijana aliyekuja kujifunza Kiingereza akawa chumbani, anaongea Kichina na kompyuta imezimwa kamera.

Sasa kuna jambo nataka Waswahili wa huku walijue. Mtoto wako akipewa mwalimu wa ziada wa Kiingereza shule ya serikali, mizizi yake ni watoto wa Kichina. San Francisco miaka ya 1970 mwanzoni kulikuwa na wanafunzi wa asili ya Kichina kama 1,800 wasiojua Kiingereza waliowekwa darasani bila msaada wowote, wakae wasikilize. Wazazi wakashtaki. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, kwenye kesi ya Lau dhidi ya Nichols, ikasema kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule wakati haelewi lugha si kumtendea sawa. Mtoto wa Kikongo wa Buffalo anakula matunda ya kesi hiyo leo.

Mchagga Halisi

Haya mtoa mada, umeshatuonyesha kidonda. Dawa? Maana naona unakwepa.

Mtanga wa Brooklyn

Sikwepi, dawa kubwa sina. Nilichoona kinasaidia ni vitu vidogo. Meza moja ya bwalo iliyotengwa kwa wageni wa mwaka huo na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeongea lugha yao, iliwatoa watoto kwenye vyumba vya walimu. Tenisi ya meza na badminton zilifanya kazi kuliko vikao vya ushauri, kwa sababu hazidai Kiingereza. Mwalimu mmoja wa hesabu aliacha kuwauliza maswali ya mdomo, akawa anawaita ubaoni waandike hatua, wenzao waulize. Yule "asiyejituma" akawa ndiye watu wanamtafuta kabla ya mtihani.

Mshauri anayeongea lugha yao ni dhahabu, ila awe wa kweli. Tuliwahi kuletewa anayeongea Kikantoni kwa mtoto wa Fuzhou. Wakakaa wanaangaliana.

Na shule ziache kumwita mzazi mchana wa Jumanne halafu zidai kwamba "wazazi wa Kichina hawashiriki". Mtu yuko Ohio.

Mwisho, kuna mzigo nisioupenda hata kidogo: mtoto kuwa mkalimani wa ukoo. Barua ya mwenye nyumba, fomu ya bima, simu ya hospitali, yote anaisoma yeye. Nilimkuta binti anatafsiri mkutano wa mzazi na mwalimu ambao ulikuwa unamhusu yeye mwenyewe. Mwalimu akaongea dakika nzima, binti akamgeukia mama akasema maneno mawili. Mama akatabasamu akasema asante. Mwalimu hakushtuka.

Mama Furaha

Kaka Mtanga, miye ni Mukongomani wa Bukavu, munisamehe Kiswahili changu. Hiyo ya mwisho imenipiga mu roho. Kijana wangu ana miaka 13, ndiye ananisemea kwa daktari, hata mambo ya wanawake. Naona haya, yeye anaona haya zaidi. Nitafanya nini?

Mtanga wa Brooklyn

Mama Furaha, shikamoo. Usimtumie tena. Hospitali au kliniki inayopokea hela ya serikali kuu, na karibu zote zinapokea, inatakiwa na sheria ikupatie mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ukipiga simu kuweka miadi, sema mapema kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili. Ukifika, rudia pale mapokezi kabla hujakaa. Mara nyingi watampata kwa simu au kwenye kishikwambi. Na utaje kabisa Kiswahili cha Kongo, maana wakikuletea wa Unguja mtazungushana. Wakikwambia mtoto anatosha, kataa, omba kuonana na msimamizi.

Mama Furaha

Marahaba. Niko na miadi Alhamisi. Na barua za shule?

Mtanga wa Brooklyn

Na hizo pia. Rudisha barua shuleni uandike juu yake kwa herufi kubwa: KISWAHILI. Kwenye kikao cha wazazi wapigie siku chache kabla, waambie unataka mkalimani na kijana atakaa nje. Ukikwama nitumie ujumbe faragha, nitakuandikia kile cha kuwasomea.